Simu za Jenerali

Machi 4

Leo nimekabidhiwa chumba. Kilikuwa stoo ya magongo na viti vya magurudumu vibovu. Wamekipiga deki, wakaweka meza moja, viti viwili vinavyotazamana na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Mganga mkuu wa hospitali alinifungulia mwenyewe.

"Mshauri," akasema, "watu wangu wamechoka. Tangu gonjwa hili liingie, wauguzi wanalia chooni. Wewe kaa hapa, watakuja."

Nikamuuliza amejuaje kwamba wanalia chooni. Akakohoa, akatazama dirishani, akasema ana kikao.

Mlangoni wamebandika karatasi: USHAURI NASAHA KWA WATUMISHI, KARIBU. Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka nikiwa njiani kurudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa ameshaniwekea ndoo na sabuni nje ya mlango wa nyuma. Sheria yake ni hiyo siku hizi: kuoga kwanza, salamu baadaye. Nilipoingia akaniuliza kazi yenyewe ni ipi hasa.

"Kuwasikiliza madaktari na wauguzi, Mama."

"Kuwasikiliza tu?"

"Kuwasikiliza."

"Na unalipwa! Mimi nimewasikiliza majirani zangu maisha yangu yote, sijaona hata shukrani."

Machi 5

Hakuna aliyekuja.

Machi 6

Hakuna. Nimesoma maandishi yote yaliyo kwenye boksi la karatasi laini.

Machi 9

Amekuja mmoja! Alitaka kuazima chaja ya simu.

Machi 11

Nimechoka kukaa kama mchumba aliyeachwa, nikatoka kwenda kuwatafuta. Nilisimama kwenye korido ya wodi ya gonjwa, pale wanapovulia mavazi ya kinga. Ni mahali pa ajabu. Mtu anaingia akiwa hana sura, nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, kisha anavua kimoja kimoja mpaka anatokea binadamu, nywele zimelowa jasho, barakoa imemchora mistari mashavuni. Nikajiuliza wanafikiria nini katika ile dakika ya kuvua. Natamani kweli kujua.

Sikupata muda wa kuuliza. Muuguzi mkuu wa wodi alinijia mbio mbio. Watu wote wanamwita Jenerali, hata madaktari, ila si mbele yake. Ni mama wa makamo, mfupi, mgongo umenyooka kama amemeza rula.

"Wewe ndiye wa kusikiliza?"

"Ndiye mimi, dada."

"Basi usinisikilizie watu wangu wakati wa kazi. Ukimfungua mtu hapa mlangoni, nani atamfunga kabla hajaingia kwa mgonjwa?"

Akaondoka kabla sijajibu. Nilikasirika. Jeuri ya nini? Lakini jioni nzima swali lake limenikaa kichwani, kwa sababu ni swali la haki. Vyuoni walitufundisha kufungua. Kufunga waliturukisha.

Machi 13

Nimepata kisa, na udadisi umenishika pabaya.

Kuna daktari kijana hapa, mrefu, miwani yake kila saa imejaa ukungu kwa sababu ya barakoa. Wanamwita Miwani, naye anaitika. Leo alikuwa anakunywa chai amesimama, nikamwuliza nani huwaarifu ndugu mgonjwa anapofariki, maana hakuna anayeruhusiwa kuja kuwaona wagonjwa.

"Jenerali," akasema. "Simu zote ni zake."

"Zote? Hata zile za madaktari?"

"Zote. Anasema sisi tutatetemeka, na ndugu hawahitaji mtu wa kutetemeka."

"Na akishapiga?"

Miwani akatazama huku na huku kama mwizi. "Akishapiga anaingia chumba cha mashuka, anafunga mlango. Akitoka, kazi inaendelea."

Anafanya nini humo? Nimeuliza watu kimya kimya. Mlinzi anasema anasali. Mwanamke wa jikoni ameapa kwamba anakula pipi peke yake. Miwani anaamini analala amesimama, kama punda.

Machi 16

Nimeingia.

Nilimwona anakata simu, nikahesabu pumzi zangu kidogo, nikabisha, nikasukuma mlango. Chumba chenyewe ni rafu mpaka darini, mashuka, foronya, mablanketi. Kinanuka sabuni na unyevu. Jenerali alikuwa amesimama katikati, ananyanyua shuka lililokunjwa vizuri kabisa, analikunjua, analikunja upya, analirudisha. Kisha linalofuata.

Nilingoja nifukuzwe. Akasema tu, "Kama umekuja kusimama, shika upande ule."

Nikashika. Tukakunja. Yeye anarudi nyuma, mimi narudi nyuma, tunavuta, tunakutana katikati, tunaachana tena. Mwishoni alilitazama rundo langu.

"Unakunja vibaya," akasema, akatoka.

Sijawahi kufurahia kukosolewa namna hii.

Machi 18

Mvua imezidi, mashuka hayakauki kwa wakati, yanaletwa kutoka kufuliwa yakiwa rundo lenye joto na halijakunjwa. Nimeomba niwe nasaidia kukunja. Mganga mkuu alinitazama kana kwamba nimeomba kuhamia paa. Lakini amekubali.

Machi 20

Nimejifunza jambo ambalo kama ningelijua mapema ningejiokolea siku nyingi za kukaa bure. Watu hawa hawawezi kukaa kwenye kiti na kutazamwa. Wanatazamwa kutwa na wagonjwa wanaotaka kujua kama watapona. Ila ukiwapa kazi ya mikono, midomo inajifungukia yenyewe.

Miwani alikuja kuchukua foronya, akashika upande wa shuka bila kuombwa. Akaanza kuongea, akiliambia shuka, si mimi.

"Mke wangu anasema siku hizi namwongelesha kama mgonjwa. Naingia nyumbani, nasema, 'Unajisikiaje? Umekula? Vizuri.' Halafu naondoka kwenda chumba kingine."

Nikacheka, naye akacheka, kisha mkono wake ukasimama kwenye pindo la shuka.

"Jana mwanangu alikohoa," akasema, "nikamwogopa. Mwanangu mwenyewe. Nikarudi nyuma hatua moja, akaniona."

Hatukumaliza shuka lile upesi.

Machi 21 hadi 24

Mvua, mashuka, watu. Wawili, wakati mwingine watatu. Ile karatasi ya mlangoni imeanguka kule kwenye stoo, sijairudishia.

Machi 26

Jenerali alikuja bila kutoka kwenye simu. Hii ni mara ya kwanza. Akachukua upande wake wa shuka.

"Nikuulize swali la kitaalamu. Mtu anaweza kusahau kulia?"

"Kusahau kivipi, dada?"

"Mimi nilikuwa mtu wa machozi ya karibu. Mgonjwa akipona nalia, harusini nalia, tangazo la redio likiwa na mtoto nalia. Sasa napiga simu, namwambia mtu mama yake amefariki, nasikia anavyoanguka upande wa pili, na mimi nipo hapa natazama kucha zangu, nafikiria zimekuwa ndefu."

Aliongea kama anasoma taarifa ya zamu. Nikamwambia kwamba hali hiyo ipo, kwamba moyo hufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Si ubaya wa roho.

"Mguu ukifa ganzi nafanya nini?"

"Unaunyoosha."

"Nao ukinyooshwa unachoma." Akavuta shuka mpaka likatoa mlio. "Huko kuchoma ndiko nisikotaka. Nikianza mimi sitaacha. Na wodi nani ataishika?"

Nikamwomba agawe simu, hata chache tu. Akakataa katakata. Lakini leo sijaona jeuri. Nimeona mtu aliyeuweka mgongo wake mlangoni ili wengine wasifikiwe na upepo, na ameshasahau kwamba mgongo ni wake.

Machi 29

Mama mkwe anataka habari za hospitali. Nikamwambia ni siri. "Siri za watu wangapi?" Wa kutosha, Mama. "Na unaziweka wapi zote hizo?" Nikaenda kuosha vyombo.

Aprili 2

Siku mbaya. Simu nyingi. Jenerali hakuingia hata chumba cha mashuka, hakupata nafasi.

Aprili 3

Kama jana.

Aprili 7

Nitaandika yote kama yalivyotokea, mkono ukiniruhusu.

Asubuhi, mvua ikinyesha, mlinzi wa geti alimpigia Miwani kwamba kuna mama na ndugu zake wamekuja na gari kuchukua maiti ya mume wake. Miwani akauliza jina. Akatajiwa. Akarudi wodini kuangalia, kisha akaja chumba cha mashuka miwani mkononi.

"Mshauri, huyo mtu yu hai. Yupo kitandani anakunywa chai. Aliyefariki ni wa kitanda cha pembeni. Majina yao yanafanana."

"Nani alipiga simu?" niliuliza, ingawa wote wawili tulijua.

Jenerali alikuwa mlangoni, ameshasikia. Sikuona uso wake ukibadilika. Alisema tu, "Nitaenda getini mwenyewe."

Mganga mkuu akatokea ofisini kwake akipiga kelele korido nzima, eti aibu gani hii, eti barua ya onyo leo leo. Jenerali alimpita kama anavyopita mtu kando ya mti. Nikamfuata kwa mwavuli.

Mama yule alikuwa amesimama kwenye tope, khanga nyeusi begani, sauti imeshakauka kwa kulia. Jenerali alisimama mbali kidogo kama sheria inavyotaka, akavuta barakoa yake ikae vizuri.

"Mama yangu, mimi ndiye niliyekupigia jana. Nilikosea. Mumeo yu hai."

Yule mama akacheka. Kicheko kidogo tu, kama mtu aliyesikia mzaha usiomhusu. Kisha akamtazama Jenerali, akaona si mzaha. Alivuka ile nafasi iliyokuwa kati yao, akampiga kwa mkoba begani, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Nimeshawaambia watoto! Nimeshawaambia watoto!"

Ndugu zake wakamshika. Jenerali hakuinua mkono kujikinga. Alingoja mpaka yule mama akaishiwa pumzi, akasema, "Njoo umwone."

Tukawazungusha nyuma ya jengo hadi dirisha la wodi. Ndani Miwani alimgeuza mgonjwa taratibu, akamwonyesha. Mzee yule akainua mkono, kikombe bado kimeshikwa na mkono wa pili. Mke wake alibandika viganja viwili kwenye kioo, maji ya paa yakimwagikia kichwani, akapaza sauti:

"Wee! Nimekulilia mtaa mzima! Nitawaambia nini watu?"

Mzee hakusikia neno. Alitabasamu, akatikisa kichwa kukubali, kama mume anayekubali kila kitu ili yaishe. Ndugu wote wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Hata mimi. Jenerali pekee alikuwa amesimama macho makavu, mvua inamchuruzika usoni, mtu angedhani analia.

Ilibaki familia ya pili. Kijana wa marehemu alikuwa hajui lolote, analala na kuamka akiamini baba yake anaendelea vizuri. Tulirudi ofisi ya wodi. Jenerali akachukua simu. Akabonyeza namba chache, akasimama. Akaanza tena. Kidole gumba kilibaki hewani.

"Siwezi," akasema, kwa mshangao, kana kwamba ni mtu mwingine aliyesema.

Miwani akanyoosha mkono. "Nipe mimi, dada."

"Utatetemeka."

"Nitatetemeka."

Na kweli alitetemeka. Sauti ilikatika alipofika kwenye neno lenyewe, akarudia, akamwambia yule kijana jinsi baba yake alivyoondoka, nani alikuwa karibu naye, na kwamba hakuachwa peke yake. Upande wa pili kulikuwa na kilio, kisha, tukasikia wote maana alikuwa ameweka spika, "Asante daktari. Nasikia na wewe imekuuma. Asante."

Jenerali akatoka. Nilimkuta chumba cha mashuka, amekaa sakafuni, hajashika shuka lolote.

"Nikilala leo nisiamke," akasema, "itakuwa likizo tosha."

Kuna maneno ambayo mtu wa kazi yangu hatakiwi kuyapita. Nikakaa sakafuni pembeni yake, nikamwuliza waziwazi. "Dada, unafikiria kujiua?"

Akajibu, "Sifikirii kujifanyia kitu. Nafikiria kutokuwepo. Nafikiria sana. Nikiwa kwenye ngazi, nikiwa naoga."

"Tangu lini?"

"Kabla yako. Hujachelewa wewe, usijilaumu. Mimi ndiye nilikuwa hodari wa kuficha."

Nikamwambia kwamba leo hatarudi nyumbani kwake kukaa peke yake, na kwamba nitamtafutia daktari wa akili, na hili si ombi. Nilitarajia vita. Akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtoto aliyeambiwa aweke chini mzigo uliomzidi. Nikampigia dada yake mkubwa. Alifika amevaa viatu visivyofanana, ndivyo alivyoharakisha. Alisema tu, "Twende nyumbani, mdogo wangu," akamfunga vifungo vya koti.

Kisha nikaenda kwa mganga mkuu. Barua ya onyo ilikuwa mezani.

"Unataka nimpe likizo mtu aliyemuua mgonjwa kwa simu?" akafoka.

"Nataka umpate tena akiwa mzima. Ukimpa barua hii leo, unaweza usimpate kabisa. Nasema hivyo nikiwa najua ninachosema."

Alinielewa. Aliketi. Kwa muda alichezea kifuniko cha kalamu.

"Mwanzoni kabisa," akasema, "zile simu zilikuwa zangu. Ni kazi yangu. Nilipiga ya kwanza, nikashindwa kula siku nzima. Akaja akasema, nipe mimi, mkuu. Nikampa. Sikumwuliza tena."

Akaichana barua.

Aprili 8

Dada yake anasema amelala tangu jana, anaamka kunywa maji tu. Daktari wa akili atamwona kesho kule kule nyumbani.

Aprili 10

Daktari wa akili amempa dawa na ratiba ya mazungumzo kila wiki. Mimi si mshauri wake tena, ni mtu wake tu. Hivyo ni bora.

Wodini simu sasa zinapigwa na watu wawili, mmoja anaongea na mwingine amekaa karibu. Mganga mkuu amejiweka kwenye zamu. Ya kwanza yake aliipiga leo, akatoka akaenda kusimama uani chini ya mvua bila mwavuli. Hakuna aliyemfuata, ila dirishani tulijaa.

Aprili 13

Leo aliyekuwa zamu pamoja na Miwani aliugua, nikakaa mimi. Nikapiga mimi. Ilikuwa ni mama anaarifiwa kuhusu binti yake.

Nyumbani nikamgombeza mama mkwe kwamba chakula kimejaa chumvi. Akaonja. Akaweka kijiko chini.

"Hilo si la chumvi," akasema.

Akavuta kiti chake kutoka kule mwisho wa meza anakokaa tangu nianze kazi hii, akakileta ubavuni kwangu, akakaa bega kwa bega. Tukala hivyo hivyo.

Aprili 15

Mzee wa dirishani ameruhusiwa. Ametoka kwa miguu yake, anachechemea, mke wake anamfokea tangu mlangoni mpaka kwenye gari.

Aprili 22

Nimekwenda kumwona Jenerali. Anashinda barazani kwa dada yake, blanketi magotini, hana raha kabisa na kukaa. Ameshapanga upya kabati la jikoni mpaka dada yake amelitia kufuli.

"Kumeanza kuchoma," akaniambia.

"Wapi?"

"Kila mahali. Wanakuja mmoja mmoja. Nilidhani nimewasahau, kumbe walikuwa wamepanga foleni. Jana nimekumbuka bibi mmoja aliyekuwa anataka achanwe nywele kabla ya kila dozi. Nilikaa naye mchana mzima hapa."

"Ulilia?"

"Bado. Lakini kucha sikuziangalia."

Akaniuliza habari za Miwani, kama anatetemeka bado. Nikasema anatetemeka. "Vizuri," akasema, na mara ya kwanza nikamwona akicheka kwa meno.

Nikiwa njiani nimewaza jinsi nilivyomchukia ile siku ya korido. Nilidhani ana roho ya chuma. Sasa nashangaa niliwezaje kumtazama mtu kwa udadisi wote ule nisimwone.

Mei 3

Mvua zimeanza kukatika. Wagonjwa wamepungua. Hakuna anayesema kwa sauti, tunaogopa gonjwa lisije likasikia.

Mei 11

Amerudi, nusu siku nusu siku, kama daktari wake alivyoagiza. Watu walijipanga koridoni bila kupangwa. Akawatazama kutoka juu hadi chini. "Wagonjwa wako na nani?" Wakatawanyika mbio. Miwani alikuwa anacheka na kufuta macho.

Mganga mkuu alimwambia yeye hahusiki na simu tena. Akakataa. "Niweke kwenye zamu kama wengine. Si zote. Ila nisiondolewe."

Mei 19

Leo amefariki baba mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa wodini tangu Jenerali hajarudi. Zamu ilikuwa ya Jenerali kuongea, Miwani kukaa karibu. Mimi nilikuwa ofisini nikingoja sahihi, nikabaki.

Binti wa marehemu aliitika. Jenerali akajitambulisha, akamwuliza kama yuko mahali pa kukaa, akasema neno lenyewe wazi bila kulizungusha. Binti akauliza, "Aliumia?" Jenerali akafungua mdomo amjibu, na sauti haikuja.

Yalikuja machozi. Hayakuja kwa adabu. Bega lilimtikisika, barakoa ikalowa, akashika ukingo wa meza kwa mkono mmoja. Alimpa Miwani simu kwa mkono wa pili, taratibu, bila kuidondosha. Miwani akaendelea alipoishia: hakuumia, alikuwa amelala, muuguzi alikuwa amemshika mkono. Jenerali alibaki pale pale akilia na kusikiliza, mpaka simu ilipoisha.

Kulikuwa na mvua nyepesi nje, ya kuaga. Baada ya muda pumzi zake zikarudi. Akaenda kwenye sinki, akanawa uso, akabadilisha barakoa, akaingia wodini kumgeuza mgonjwa ambaye muda wake wa kugeuzwa ulikuwa umefika. Nilimtazama kupitia kioo. Mikono yake ilikuwa imetulia.

Alipotoka alinikuta bado nimesimama.

"Ile hofu yangu," akasema, "kwamba nikianza sitaacha. Nimeacha."

"Unajisikiaje?"

Akafikiri kwa makini, kama mtu anayeonja kitu ambacho hajakionja siku nyingi.

"Nina njaa," akasema.

Tukaenda kula. Alimaliza sahani yake, akavuta yangu.